Visiwa Vyahitaji Wataalamu wa Tiba kwa Vitendo

Kila msimu wa karafuu unapowadia, hospitali za Unguja na Pemba hupokea watu walioanguka kutoka juu ya mikarafuu. Wapo wanaopona wakarudi shambani msimu ufuatao kana kwamba hapakuwa na jambo. Wapo pia walioumia uti wa mgongo, ambao hutibiwa, wakaruhusiwa kwenda kwao, na tangu siku hiyo hawasimami tena. Daktari ametimiza wajibu wake, muuguzi kadhalika, na jamaa wamempokea mtu wao akiwa hai. Walakini mtu huyo sasa yumo kitandani katika nyumba yenye kizingiti kirefu, choo kiko uani, njia ya kutokea ni mchanga mtupu, na yeye ndiye aliyekuwa mtafutaji wa nyumba ile. Nani atamfundisha kujigeuza usiku asipate vidonda vya kulalia? Nani atakwenda kuupima mlango kabla ya kuletwa kiti cha magurudumu kisichoweza kupita? Nani atakaa naye, pamoja na mkewe, washauriane ni kazi gani aiwezayo mtu aliyekaa?

Iko fani inayoyajibu maswali hayo, nayo husomewa chuoni kama zinavyosomewa udaktari na uuguzi. Serikalini huitwa tiba kwa vitendo. Jina hilo bado ni geni masikioni mwa wengi, hata mwa baadhi ya wakuu wanaopitisha majina ya vijana wa kupelekwa masomoni, na ndiyo sababu tumeona yafaa tuieleze leo kwa kituo.

Wengi huichanganya na tiba ya viungo. Ni kweli fani hizi mbili ni ndugu na mara nyingi huhudumia mgonjwa mmoja katika chumba kimoja. Mtaalamu wa tiba ya viungo hushughulika na nguvu ya msuli, mwendo wa kiungo na maumivu. Mwenziwe wa tiba kwa vitendo huanzia upande wa pili: huuliza mkono huu unatakiwa ufanye nini. Mkono wa fundi seremala unatakiwa ushike randa. Mkono wa mama unatakiwa ukamue tui, ufunge kanga, umwogeshe mtoto. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hatakiwi kufanya kazi yoyote bado, lakini anatakiwa aweze kukaa, kucheza na kutia tonge kinywani, kwani kwa mtoto hayo ndiyo maisha. Neno “vitendo” katika jina hili lina maana pana kuliko kazi ya mshahara.

Mwanzo wa fani hii ulikuwa kwa wagonjwa wa akili. Katika mji wa York, Uingereza, William Tuke alifungua nyumba ya wagonjwa hao mwaka 1796, wakawekwa katika shughuli za kila siku na kutendewa kwa heshima wakati ambapo kwingineko walikuwa wakifungwa minyororo. Chama cha kwanza cha wataalamu kilianzishwa Clifton Springs, katika jimbo la New York, Machi 1917. Mmoja wa waasisi wake, George Barton, hakuwa daktari. Alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na kupooza upande wa kushoto, akajifunza mwenyewe namna ya kuishi upya. Uingereza ilipata skuli yake ya kwanza mwaka 1930, Dorset House mjini Bristol, iliyofunguliwa na Dakta Elizabeth Casson. Shirikisho la dunia la wataalamu hawa liliundwa mwaka 1952, na mpaka leo ndilo linaloweka kiwango cha chini cha mafunzo.

Hapa yafaa tuseme neno moja. Katika nchi nyingi wazo hili jema liliwahi kupotoshwa, wagonjwa wa akili wakalimishwa mashamba ya hospitali bila ya ujira na ikasemwa kuwa ni tiba. Kumpa mtu jembe kwa sababu hospitali inahitaji muhogo si tiba. Tiba ni pale shughuli inapochaguliwa kwa ajili ya mgonjwa huyo, kwa kiasi chake, na kwa lengo linalojulikana na yeye mwenyewe.

Sasa kijana anayesomea shahada hii hufundishwa nini? Miaka mitatu au minne, kwa kutegemea nchi, husoma umbile la mwili wa binadamu, mishipa ya fahamu na ubongo, maradhi ya akili, saikolojia na ukuaji wa mtoto. Hujifunza kutengeneza magango ya mkono kwa plastiki inayolainika katika maji ya moto, kumpima mtu kiti cha magurudumu kinachomfaa, na kumtengenezea mtoto kiti cha kumwegemeza. Viti hivyo si lazima vitoke ng’ambo. Zimbabwe walionyesha zamani kuwa makaratasi makuukuu, maboksi na gundi ya uji wa unga huweza kufanyizwa kiti kigumu cha kumkalisha mtoto.

Lakini somo lililo kiini cha shahada nzima ni lile la kukichambua kitendo. Mwanafunzi hupewa kitendo kimoja cha kawaida, akakivunja vipande vidogo vidogo mpaka aone kinadai nini mwilini na akilini. Chukua kukuna nazi. Mkunaji huketi juu ya mbuzi, chini sana, magoti yamekunjwa. Kiuno na mgongo lazima vishike mizani. Mikono yote miwili hushika kifuu, mmoja hukandamiza na mwingine huzungusha. Macho hufuata meno ya mbuzi, na akili hujua lini pa kuacha kabla ya kufika gandani. Mama aliyepatwa na kiharusi amepoteza sehemu fulani ya mlolongo huo, si mlolongo wote. Mtaalamu huitafuta sehemu hiyo, ama akaizoeza upya, ama akabadilisha chombo, kwa mfano mbuzi ikainuliwa na kufungwa juu ya benchi na kifuu kikashikwa kwa mkono mmoja wenye nguvu. Vitabu vya fani hii vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vina kurasa nyingi juu ya kutengeneza chai kwa birika la umeme na kuingia katika birika la kuogea. Havina ukurasa juu ya mbuzi.

Yako mambo mazito zaidi ya nazi. Mtu akipooza mkono wa kulia, kitabu husema azoezwe kutumia wa kushoto, na kwa mwandishi wa kitabu hicho shauri limekwisha. Kwetu sisi, mtu mzima aliyelelewa vyema kuliko kula kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni huona ni afadhali asikae kwenye sinia. Basi hujitenga, akala peke yake chumbani, kisha akaacha kwenda harusini, kisha hata barazani haonekani, na watu husema amekuwa mkali tangu augue. Maradhi yalimpooza mkono tu. Upweke umeletwa na shauri lisilojua ada za anayeshauriwa. Mtaalamu aliyefundwa barabara angeanza na kijiko chenye mpini mnene kwa mkono ule ule wa kulia, angezungumza na watu wa nyumbani, na huenda angemshirikisha mtu wa dini anayeheshimiwa na mgonjwa. Hali kadhalika kutawadha, kuchutama chooni, kukaa juu ya mkeka, kupanda daladala na kushuka, kuingia chomboni maji yakiwa ya magoti. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani hufunga miche kwa vikamba vidogo, ameinama majini saa kadhaa. Vidole vyake vikikakamaa kwa baridi yabisi, atakayemsaidia hana budi akijue kile kifundo anachokifunga.

Hapa ndipo tunapotaka wakuu wa afya na elimu watusikilize.

Shirikisho la dunia limeagiza kwamba mwanafunzi asihitimu bila ya kutimiza saa 1,000 za mazoezi ya kazi kwa wagonjwa, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa fani hiyo hiyo. Sharti hili ni la haki, nasi hatulipingi. Lakini litazame kwa jicho la mkaazi wa kisiwani. Mahali pasipokuwa na wataalamu wa kutosha wa kusimamia, mwanafunzi hawezi kufanyia mazoezi pale. Basi kijana wetu atazitimiza saa zake kwenye hospitali za mbali, atazijua nyumba za huko, vyoo vya huko na kazi za huko, naye akirudi Micheweni au Makunduchi atakuwa mgeni wa maisha ya wagonjwa wake mwenyewe ilhali ni mwenyeji wao kwa kuzaliwa. Na huyu aliyerudi asipowekwa mahali pa kusimamia wengine, wadogo zake nao watakwenda huko huko. Mzunguko huu hauwezi kujikata wenyewe.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba stashahada yatosha na shahada ni anasa. Wenye stashahada ndio walioibeba fani hii katika Afrika Mashariki. Nchini Tanzania mafunzo yao yamekuwa yakitolewa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na Kenya ilianza kuwafundisha wa kwao Nairobi tangu miaka ya 1960. Ni watu wa kuheshimiwa na wataendelea kuhitajika. Lakini mwenye shahada hufundishwa pia kupima kama tiba yake imefaa, kuandika alichokiona kikaweza kusomwa na wengine, na kuwasimamia wanafunzi. Huo ukurasa wa mbuzi usiokuwamo vitabuni utaandikwa na nani kama si yeye? Afrika Kusini imekuwa ikifundisha fani hii katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand tangu 1943, na Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kimekwisha kuanzisha shahada yake. Rwanda haina mali inayopita yetu kiasi cha kutufanya tuseme haiwezekani.

Fedha ni swali la haki. Kumsomesha mtu mmoja nje kwa miaka minne si jambo dogo kwa hazina ya visiwa vyenye watu 1,889,773, kwa hesabu ya sensa ya 2022. Hata hivyo ipo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, na fani zipewazo kipaumbele huamuliwa na binadamu kwa kalamu. Gharama ya pili, ambayo haiandikwi katika daftari lolote, hulipwa na nyumba za wagonjwa: mtoto wa kike anayeacha skuli akamuuguze babake, mume anayeuza ng’ombe kumtafutia mkewe mganga wa tatu, mtu wa miaka 30 anayelishwa kwa miaka 30 mingine ilhali mikono yake ni mizima na angeweza kuchambua karafuu au kushona kofia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwito juu ya huduma za utengamao mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuziimarisha. Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 26 cha mkataba huo chazungumzia jambo hili hili. Baraza la Wawakilishi lilitangulia kutunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Karatasi hatuna upungufu nazo.

Liko na jambo la ikama. Kumpeleka kijana masomoni bila ya kuwapo nafasi yake katika ikama ni kumsomesha kwa ajili ya nchi nyingine. Atarudi na shahada yake, ataambiwa asubiri, kisha atapewa meza ya kuandikia majina ya wagonjwa kwa kuwa ana hati nzuri, na baada ya mwaka mmoja tutasikia yuko Ulaya. Nafasi na itengwe siku ile anapopanda ndege, si siku anaposhuka. Chumba chake kitengwe pia, na kisiwe ghala la vitanda vibovu. Tena kisiwe kimoja tu mjini Unguja. Mgonjwa wa Konde au wa Mkoani hawezi kuvuka bahari kila wiki akiwa amepooza, na nauli ya boti ni ya watu wawili, maana hatembei peke yake.

Wapelekwe wanawake na wanaume. Kazi hii humfundisha mgonjwa kuvaa, kuoga na kwenda chooni, na nyumba nyingi hazitamkubali mwanamume amfundishe mama yao mambo hayo. Kumpeleka mmoja tu, akiwa wa jinsi yoyote, ni kuifunga nusu ya milango kabla ya kuibisha.

Vijana wanaomaliza Kidato cha Sita kwa masomo ya sayansi, na ambao wameweka udaktari peke yake mbele ya macho yao, tungewashauri waitazame fani hii pia. Kabla ya kutuma maombi, waulize mambo mawili: kama shahada ya chuo wanachokiomba inatambuliwa na shirikisho la dunia, maana isipotambuliwa itawatia tabu mbeleni, na kama chuo hicho kinamruhusu mwanafunzi kufanya sehemu ya mazoezi yake nyumbani kwao iwapo msimamizi atapatikana. Swali la pili waliulize kwa maandishi, na nakala ya jibu waipeleke Wizara ya Afya.