Unataka kusomea madini? Hakuna anayeokota yakuti darasani

UKIFIKA Kinole, kitu cha kwanza kukukaribisha si dhahabu, ni nanasi. Kuna ndizi, machungwa, mafenesi, pilipili manga na mdalasini, vyote vimebanana kwenye miteremko ya Uluguru. Lakini kaa kijiweni na vijana nusu saa tu, utasikia habari za mawe. Huyu kaenda Matombo kutafuta yakuti, yule kazamia Mahenge kwenye spineli, mwingine anasema kuna mto fulani ukichekecha mchanga wake hukosi kitu.

Na siku hizi wapo wanaosema bila kuuma maneno: "Mimi nasomea madini chuo kikuu, nikitoka hapo nimeukata!"

Wazo si baya hata kidogo, mshikaji. Ila wengi wanachanganya mambo mawili yasiyo na undugu: kupata jiwe na kupata kazi. Mwaka 2020 Saniniu Laizer wa Mererani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akaondoka na shilingi bilioni 7.7 na ushei. Hakwenda chuo kikuu kusomea hayo. Mahenge nako, mwaka 2007, kulipatikana spineli moja kubwa ya kilo 52 hivi. Hiyo ni bahati, pamoja na jasho la miaka mingi shimoni. Shahada ya uhandisi migodi haikupi bahati. Inakupa kazi ya mshahara, tena kazi ngumu kweli, na hiyo nayo usipojipanga unaweza kuikosa.

Unasoma nini hasa?

Kwanza ujue kwamba Morogoro kuna vyuo kibao, Sokoine ipo, Mzumbe ipo, lakini uhandisi migodi hausomi pale. Utashuka mlimani uende Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Dodoma. Siku hizi treni ya umeme imerahisisha safari, tangu mwaka 2024 inapita Morogoro kwenda kote kuwili. Safari yenyewe lakini inaanzia kidato cha tano. Bila Fizikia, Kemia na Hisabati zilizokaa sawa, hiyo ndoto ibaki ya kijiweni.

Shahada inachukua miaka minne. Utasoma jinsi mwamba unavyobeba uzito na jinsi unavyopasuka, maana ukikosea hesabu hiyo paa la handaki linawafunika watu. Utasoma kutoboa na kulipua kwa baruti, kupima ardhi, kupeleka hewa safi chini ya ardhi, kuchenjua mbale mpaka dhahabu itoke, na kujenga bwawa la topesumu lisilovuja. Halafu kuna uchumi, kwa sababu mwamba wenye dhahabu si lazima uwe mgodi. Kama gharama ya kuitoa inazidi bei yake, hayo ni mawe tu kama ya kujengea msingi. Mjerumani alilijua hilo. Kwenye milima hii hii ya Uluguru alichimba ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi za kioo, wakati ule ukitakiwa sana kwenye vifaa vya umeme. Leo hayo ni mashimo ya historia.

Na kwa wale wanaodhani Uluguru ni ndizi tu: mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani yaliyotoka huku huku, akayaita rutherfordini kwa heshima ya mwanasayansi Ernest Rutherford. Kwenye vitabu vya madini duniani Morogoro imeandikwa kuwa ndiko yalikogunduliwa. Umewahi kufundishwa hilo shuleni? Hata mimi najiuliza kwa nini halisemwi.

Kazi ziko wapi?

Hapa ndipo penye kasheshe. Ukitaka kuajiriwa usitegemee Uluguru. Ajira kubwa ziko Kanda ya Ziwa: Geita, Bulyanhulu, North Mara, na almasi kule Mwadui. Utaishi kambini kwa rosta, wiki kadhaa kazini, siku kadhaa nyumbani. Mchumba asiyeelewa rosta atakusumbua sana.

Pia mgodi unakufa. Golden Pride wa Nzega, uliofunguliwa mwaka 1998, ulishafungwa zamani. Buzwagi wa Kahama ulianza mwaka 2009, mwaka 2021 uzalishaji ukasimama. Aliyekuwa analipwa vizuri anajikuta anaandika barua za kuomba kazi upya akiwa na watoto watatu. Kitu kingine ambacho vyuo havikupigii kelele ni hiki: mgodi hauhitaji wahandisi migodi wengi. Unahitaji zaidi mafundi umeme, mafundi mitambo, waendesha magari makubwa, wapimaji na watu wa maabara. Kwa hiyo usidharau masomo ya madini ya ngazi ya cheti na stashahada. Kijana wa stashahada anayejua kutoboa na kulipua anaweza kuitwa kazini wakati mwenye shahada bado anazungusha bahasha mjini.

Na ukihitimu, bado hujawa mhandisi kamili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka kwanza ufanye kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida miaka mitatu, ndipo ikupe usajili wa mhandisi mtaalamu. Akina dada, zile hadithi kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu inakimbia waachieni wazee wa mduara. Mwamba haujui sketi wala suruali.

Mjomba na shamba

Sasa turudi Kinole. Kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Nasikia vijana wanaopiga hesabu za kumshawishi mjomba liuzwe shamba la minanasi ili ada ipatikane. Tulia kwanza! Omba Bodi ya Mikopo, jaza fomu mapema, vyeti vya kuzaliwa na nyaraka nyingine ziwe tayari. Shamba la ukoo likishauzwa halirudi, na mgodi hauna mkataba na ukoo wenu.

Kuna kazi nyingine ya msomi wa madini ambayo naona haipewi uzito, na hii inawagusa hata ninyi mnaosoma gazeti hili mkiwa Sinza au Tandika. Mito ya Uluguru inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo zenu Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya msitu ulioko juu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Mchimbaji mdogo akichimbua kingo za mto, tope linashuka. Akikamatisha dhahabu kwa zebaki, sumu inaingia majini, na moshi wake wakati wa kuchoma anauvuta yeye mwenyewe pamoja na mtoto aliyekaa pembeni. Mtu anayejua kuchenjua bila zebaki, anayeweza kumweleza mwanakijiji kwamba leseni ndogo ni ya Mtanzania peke yake, na kwamba madini ni mali ya taifa hata yakikutwa chini ya mgomba wake, huyo ana kazi ya kufanya hapa hapa mlimani. Mshahara wake hautafika wa Geita, tusidanganyane.

Kama bado una moyo, anza na fildi. Barua za kuomba mafunzo kwa vitendo peleka miezi kadhaa kabla ya likizo, peleka migodi mitano na si mmoja, na usiandike kwamba unaomba nafasi yoyote. Sema kitengo: ulipuaji, upimaji, uchenjuaji au usalama. Na nunua viatu vya chuma mbele mapema, maana hapo getini kandambili hazipiti.