Mhasibu wa kodi afike kabla ya saini

Kalenda ya mhasibu wa kodi Tanzania Bara inatawaliwa na tarehe mbili. Ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, kodi ya mishahara na kodi ya zuio ziwe zimelipwa. Ifikapo tarehe 20, ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iwe imewasilishwa. Ni kazi ya heshima na inadai ujuzi mkubwa, lakini karibu kila anachokigusa mhasibu huyu kimekwisha kutokea: bidhaa imeuzwa, mshahara umelipwa, mkataba umesainiwa. Si ajabu basi kwamba wapo wanaochoka na kutamani kuhamia kwenye ushauri elekezi wa biashara. Wakiuliza njia, huambiwa wasome shahada nyingine, waachane na kodi na waanze upya. Ushauri huo unakosea kwenye msingi wenyewe. Kikubwa kinachomtenganisha mhasibu wa kodi na mshauri wa biashara ni wakati wa kufika: mmoja huitwa baada ya uamuzi, mwingine kabla yake. Mhasibu akifanikiwa kuwahi, ujuzi uleule alionao unageuka bidhaa nyingine.

Chukua kampuni ya Dar es Salaam inayotaka kufungiwa mfumo wa kompyuta. Mtaalamu wa nje ya nchi anataka Sh100 milioni, na rasimu ya mkataba inasema atapokea kiasi hicho chote bila makato. Mzabuni wa ndani anataka Sh110 milioni, kwa hiyo anaonekana ghali na anaachwa. Sheria ya Kodi ya Mapato inataka malipo ya huduma kwa mtu asiye mkaazi yakatwe kodi ya zuio ya asilimia 15. Kwa kuwa mtaalamu amehakikishiwa Sh100 milioni mkononi, malipo ghafi yanapanda hadi Sh117.65 milioni, na hizo Sh17.65 milioni za ziada zinatoka kwa kampuni. Mhasibu anayefika mwisho wa mwezi atakokotoa sawasawa na kulipa kwa wakati. Kazi yake haitakuwa na dosari, na kampuni itakuwa imenunua kwa bei ya juu ikidhani imenunua kwa bei ya chini. Angesoma rasimu ile wiki moja kabla, angeuliza kodi inabebwa na nani, na hapohapo mzabuni wa ndani angeonekana ndiye nafuu. Swali lilianza kama la kodi, likaishia kuwa la kuchagua mzabuni, na huko tayari ni kwenye ushauri wa biashara.

Mfano huo hauko peke yake. Muuza jumla anayetoa mali ya Sh50 milioni kwa mkopo wa siku 60 anadaiwa VAT ya Sh9 milioni kwenye ritani ya mwezi wa ankara, ingawa mteja hajamlipa hata senti. Hata akipunguza VAT aliyolipa wakati wa kununua, kinachobaki anakitoa kwenye mtaji wake. Kwenye leja hilo ni deni la kawaida la kodi. Kwa mwenye duka ni sababu ya kushindwa kuagiza mzigo unaofuata. Anayejaza ritani hizo kila mwezi anayaona maumivu haya mapema kuliko benki na pengine kuliko mwenye biashara mwenyewe. Anajua ni mteja gani huchelewesha malipo, ni msimu gani mauzo hushuka, na ni gharama gani imeanza kupanda bila maelezo. Mshauri mgeni atalipwa wiki kadhaa ili tu ajifunze hayo.

Historia ya kazi yenyewe inaunga mkono hoja hii. James O. McKinsey, aliyeanzisha mwaka 1926 huko Chicago kampuni ya ushauri inayobeba jina lake, alikuwa mwalimu wa uhasibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kitabu chake cha mwaka 1922 kilihusu bajeti kama chombo cha kuongozea biashara. Accenture nayo ilichipuka ndani ya Arthur Andersen, kampuni ya uhasibu iliyoanzishwa mwaka 1913. Watu hawa hawakuutupa uhasibu. Walizichukua hesabu zilizokuwa zikieleza mwaka uliopita wakazitumia kupanga mwaka unaokuja.

Pingamizi la kwanza ni zito: biashara ina mambo mengi kuliko kodi. Kuna soko, kuna wafanyakazi, kuna teknolojia, na mhasibu wa kodi hakufundishwa hayo. Ni kweli, na anayehama bila kukiri pengo hilo atawaumiza wateja. Atalazimika kujifunza kukokotoa gharama za uzalishaji, kutengeneza makadirio ya mtiririko wa fedha, kuhoji watu wa bohari na wa mauzo, na kuandika taarifa ambayo mkurugenzi ataielewa bila kufungua sheria. Zaidi ya hayo, atalazimika kubadili mazoea ya akili. Kwenye kodi mtu huzoea kutafuta kifungu, na kifungu kikipatikana mjadala umekwisha. Uamuzi wa kufungua tawi Mwanza au kubaki na duka moja hauna kifungu. Unahitaji mtu anayeweza kuweka mezani njia tatu, kutaja hatari ya kila moja, kisha kusema yeye angechagua ipi na kwa nini. Lakini kujifunza juu ya msingi uliopo ni jambo moja, na kubomoa msingi ni jambo jingine.

Pingamizi la pili linatoka sokoni. Wafanyabiashara wetu, inasemwa, hulipia ritani kwa sababu sheria inawabana, lakini hawalipii maneno. Nakubali kwamba ushauri wa jumla jumla hauuziki. Ila wafanyabiashara haohao hulipa pesa nyingi kwa kuchelewa. Asiyekubaliana na kadirio la Mamlaka ya Mapato (TRA) ana siku 30 za kuweka pingamizi, na ili lipokelewe hutakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokibishia, chochote kilicho kikubwa. Asiporidhika ataelekea Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Njia yote hiyo ina ada za mawakili na fedha iliyofungwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mhasibu ndiye mwenye hesabu za kuonyesha ukuta huo utagharimu kiasi gani. Auze uamuzi mmoja wenye tarakimu zake: mkataba huu, mkopo huu, bohari hii. Na asiache ritani siku ya kwanza. Ada zake za kila mwezi zitambeba hadi kazi mpya isimame.

Pingamizi la tatu ni la maadili, nalo halipaswi kupitwa haraka. Kampuni ya nishati ya Enron ilipoanguka mwaka 2001, ulimwengu uliona kwamba mkaguzi wake, Arthur Andersen, alikuwa pia akiiuzia ushauri kwa ada kubwa. Mwaka uliofuata Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia wakaguzi kuuza aina nyingi za ushauri kwa makampuni wanayoyakagua. Funzo linatuhusu. Mtu hawezi kushauri muundo wa biashara asubuhi na jioni akaukagua kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hapa nchini anayetoa ushauri wa kodi anatakiwa kusajiliwa na TRA, na ukaguzi wa hesabu unasimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Anayehama achague mapema kofia atakayovaa kwa kila mteja na aiandike kwenye barua ya kazi. Tena atofautishe kumsaidia mteja apange mambo yake ndani ya sheria na kumfundisha kukwepa kodi. Anayeuza hilo la pili hajahama taaluma, ameitoka.

Wakati nao unasukuma. Mashine za risiti za kielektroniki (EFD) zilizoingia mwaka 2010 na ritani za mtandaoni zimepunguza kazi ya kunakili na kujumlisha, na sehemu hiyo itaendelea kupungua. Kila Juni Sheria ya Fedha hubadilisha viwango na masharti, na mfanyabiashara anabaki akiuliza afanye nini. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023 na tena Juni 2024 wakilalamikia kodi na namna inavyokusanywa. Oktoba 2024 Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, ikazinduliwa. Marekebisho ya sheria ni kazi ya serikali. Lakini kati ya sheria na duka panahitajika mtu anayeelewa pande zote mbili, na watu hao tayari tunao, wamekaa nyuma ya mafaili ya mwezi uliopita.

Kwa hiyo anayetaka kuhama na aanze na wateja alio nao. Amuulize kila mmoja ni uamuzi gani mkubwa uko mbele yake mwaka huu, aombe kuiona rasimu kabla ya saini, na amwandikie ukurasa mmoja wenye njia zilizopo na gharama ya kila njia. NBAA na vyuo vinavyofundisha uhasibu vimsaidie kwa kutoa mafunzo ya aina hiyo kwa uzito uleule vinaoyapa masomo ya sheria za kodi. Atakayefaidika si mhasibu peke yake. Biashara iliyofilisika hailipi kodi. Inayoamua vizuri ndiyo inayodumu, ikaajiri, na ikaendelea kulipa mwaka hadi mwaka.