Mawazo Yanayomtafuta Mchawi: Neno kwa Wachungaji wa Eneo la Dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa, mkoani Geita, aweza kushuka katika duara miezi mingi asione dhahabu. Deni la chakula humwongezekea, usingizi humpaa, na mara nyingi hajiulizi juu ya mwamba, bali hujiuliza ni nani aliyemfunga. Wazo kwamba yeye ni mtu wa mkosi hugeuka kuwa sheria ya maisha yake.

Yatupasa kulichukua wazo hilo kwa uzito, kwa maana katika Kanda ya Ziwa limekwisha kumwaga damu. Huko Usukumani vikongwe wenye macho mekundu walidhaniwa kuwa wachawi, wakakatwa mapanga, ingawa macho huweza kuharibiwa na moshi wa jikoni tu. Kisha, hasa tangu mwaka 2007, watu wenye ualbino waliwindwa kwa ajili ya viungo vilivyosemwa kuleta bahati, machimboni na penginepo. Septemba 2009 mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu kufa kwa kumwua mvulana mwenye ualbino, na Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Lakini hukumu hufika baada ya tendo. Mchungaji hukutana na wazo mapema, lingali manung'uniko ya mtu aliyechoka.

Amwambieje? Sisi wahubiri tumezoea kusema, "Amini zaidi," na mtu huondoka akiwa na mzigo wa pili: sasa ana mkosi na imani haba. Malaika hakufanya hivyo kwa Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Luther naye, ambaye majaribu ya moyo aliyajua vema, alimwandikia Jerome Weller mwaka 1530 akimsihi aukimbie upweke na kutafuta watu wa kucheka nao.

Daktari Aaron Beck wa Marekani alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba mawazo ya huzuni huja yenyewe na kujivika sura ya ukweli, nayo yaweza kuhojiwa. Basi tumhoji mchimbaji kwa upole: maduara mangapi ya jirani nayo yamekosa mwaka huu? Je, wote hao wamerogwa? Mshipa wa dhahabu hukatika ardhini pasipo kujali ni nani achimbaye. Na katika shida zake zote, ni ipi moja awezayo kuishughulikia juma hili? Pengine ni kuzungumza na mwenye duka anayemdai. Kazi hiyo haihitaji shahada. Nchini Zimbabwe Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kuketi benchini na wenye mawazo mengi, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wengi walipata nafuu. Wazee wa kanisa na Umoja wa Wanawake wangeweza kufanya vivyo hivyo.

Liko jambo moja ambalo twaona husahauliwa mno. Zebaki inayochomwa ili kutenga dhahabu hutoa mvuke unaodhuru ubongo. Huleta mikono kutetemeka, kukosa usingizi, usahaulifu na hasira za ghafla. Kwa hiyo, kabla ya kumwombea mchimbaji kama mtu aliyeonewa na pepo, tumwulize kwanza huchomea wapi zebaki yake, na kama watoto hulala katika chumba hicho hicho, kisha tumsindikize hospitali.