Picha Thelathini na Sita: Kamera ya Filamu Kando ya Ziwa

Katika makabati ya nyumba nyingi kungali na kamera kuukuu, imelala ndani ya mfuko wake wa ngozi tangu simu zilipoanza kupiga picha. Wenye nyumba huiona kama kumbukumbu ya marehemu baba, kitu kisichofaa kutupwa wala kutumiwa. Lakini mwenye kuitoa, akaifuta vumbi, akaitia filamu na kuteremka nayo ufukweni Kisumu, hugundua raha ambayo simu haimpi, nayo ni raha ya kupiga picha chache.

Mkanda wa kawaida wa milimita 35 hutoa picha 24 au 36, basi. Filamu hununuliwa, kusafishwa kwake hulipiwa, na mafundi wa kazi hiyo wamepungua. Kwa hiyo mpiga picha hujifunza kutazama kabla ya kubonyeza. Akifika Dunga, kusini mwa mji, asubuhi wavuvi wa omena wanaporejea baada ya usiku wa kuvua kwa taa, hawezi kupiga kila mashua. Humlazimu kuchagua moja, asimame, aisubiri.

Mwanga nao una elimu yake. Mwanachuoni Ibn al-Haytham wa Basra, mwandishi wa Kitab al-Manazir, alichunguza katika karne ya 11 jinsi mwanga unavyopenya tundu dogo na kuchora sura ndani ya mahali penye giza. Kamera ya babu hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Ikiwa kipimo chake cha mwanga kimekufa, iko njia ya wazee wa kazi: siku ya jua lisilo na wingu, weka tundu la lenzi kwenye namba 16, na kasi iwe karibu na namba ya filamu yenyewe. Filamu ya 100 hupigwa kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Ya 400 kwa sehemu moja ya 500. Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa Ikweta, na adhuhuri jua husimama utosini, likatia kivuli kizito machoni pa mtu. Heri saa ya kwanza baada ya macheo, au jioni jua linapoelekea kuzama katika Ghuba ya Winam.

Uchache huo huleta adabu pia. Mwenye picha 36 tu hamvizii mama anayeanika omena juu ya nyavu. Humsogelea, humwamkia, humwomba ruhusa. Akikataliwa, hushukuru na kupita. Sura ya mtu ni amana, na anayeichukua bila idhini amechukua kisicho chake.

Kisha huja subira. Hakuna kioo cha kutazamia kama picha imetoka vizuri. Mkanda husafishwa, na siku kadhaa baadaye bahasha hufunguliwa mbele ya jamaa, kila mmoja akinyoosha mkono. Wenyeji wa Mombasa waliopigwa picha katika Studio ya Parekh, na wa Lamu katika Studio ya Bakor, waliijua vyema hamu hiyo.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba negativu hubaki. Mwaka 1936 mtaalamu wa Kiingereza, E. E. Evans-Pritchard, alizuru nchi ya Wajaluo na kupiga picha za watu na makazi yao. Picha hizo zilihifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford. Mwaka 2007, baada ya miaka 71, nakala zake zilirudishwa Nyanza na kuonyeshwa kwa wenyeji katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya kale. Sura zilizokwenda ughaibuni zikarejea kwa wajukuu.

Je, ndugu msomaji, picha za mzee wako ziko wapi? Zikiwa ndani ya simu moja tu, basi simu ikiibwa au ikianguka majini, sura yake imekwenda nayo. Si lazima kuiacha simu. Ina kazi yake. Lakini mkanda mmoja kwa mwaka, kwa ajili ya wazee wa nyumba, si mzigo mkubwa.

Ukiazimia, anza kwa kuikagua kamera. Fungua mgongo wake ikiwa tupu, utazame kama kifyatuo kinafunguka na kufunga, na kama lenzi haina ukungu, maana unyevu wa ziwani, kama ule wa baharini, huiharibu. Filamu isiachwe ndani ya gari juani, joto huichosha. Negativu zikirudi, zitie katika bahasha kavu. Na nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina la aliyepigwa, mahali na mwaka, ili mjukuu atakayeikuta asihitaji kuuliza ni nani huyu.