Ukali wa Dawa Si Usafi wa Nyumba



Zinapokaribia siku za vunjajungu, wapenzi wasomaji, nyumba zetu za Pwani huwa hazina kona isiyofikiwa na ufagio. Majamvi hutolewa uani yakapigwa vumbi, mapazia huloweshwa, na vyombo vya kabatini ambavyo havijaguswa tangu Idi hukoshwa upya. Twaupokea mwezi mtukufu na nyumba safi, na hilo ni jambo jema.

Mwaka jana, katika mojawapo ya siku hizo, binti anayesaidia kazi nyumbani kwa mmoja wetu alipewa bafu na choo. Alimimina dawa ya choo, akasugua, akaona ule weupe autakao haujatoka. Basi akachukua chupa ya klorini, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akaongeza juu yake. Mlango alikuwa ameufunga ili maji yasitiririke hadi ukumbini. Tuliposikia kikohozi kisichokoma tukaufungua, tulimkuta amechutama karibu na choo, machozi yakimtoka, hawezi kumaliza neno moja. Tulimtoa barazani kwenye upepo, kisha tukampeleka hospitali. Alirudi baada ya Isha, alhamdulillahi, lakini sauti yake ilibaki imekwaruza kwa siku kadhaa.

Kilichotuchoma zaidi ni swali lake. "Mama, nimekosea wapi? Zote si za kusafishia?"

Hatukuwa na jawabu la haraka. Dawa hizo tulizinunua sisi, tukamkabidhi sisi, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Ndiyo maana juma hili tumeamua kuiandika habari hii kwa urefu.

Jawabu ni hili. Dawa ya klorini ina kemikali iitwayo hipokloriti ya sodiamu. Dawa nyingi za choo zina asidi, aghalabu ile ya haidrokloriki, kwa kuwa asidi ndiyo iondoayo ule ukoko mweupe na wa manjano unaoganda chooni. Viwili hivi vikikutana, hutoka hewa ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama chini. Na anayesugua choo yuko wapi, ikiwa si chini, amechutama, uso wake uko pale pale inapotuama?

Wala tusidhani kwamba hatari imo katika dawa za dukani peke yake. Siki ni asidi. Ndimu ni asidi. Wako akina mama wanaochanganya siki au maji ya ndimu na klorini wakiamini kuwa wameongeza nguvu, kumbe wametengeneza hewa ile ile. Amonia nayo, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, ikikutana na klorini hutoa hewa nyingine inayodhuru. Hata mkojo uliolala chooni hutoa amonia. Kwa hiyo choo kimwagiwe maji mengi kwanza, ndipo ije dawa, na iwe dawa moja tu. Anayetaka kutumia zote mbili na atumie moja leo, aisuuze ikaondoka yote, na nyingine aiache hadi kesho.

Sasa tuje kwenye zile dawa za matumizi yote, sabuni za maji zilizokolezwa, ambazo siku hizi haikosekani nyumba isiyokuwa nazo. Dawa iliyokolezwa imetengenezwa ili izimuliwe kwa maji kabla ya kutumika. Mwenye kuitengeneza amepunguza maji ili chupa iwe ndogo na ikae muda mrefu, na amekuachia wewe kazi ya kuyarudisha. Lakini ni wangapi kati yetu wanaopima? Mkono huinamisha chupa, povu likapanda, moyo ukatulia.

Povu halipimi usafi. Sabuni hufanya kazi kwa sababu kila chembe yake ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta. Upande huu hushika uchafu, upande ule huuvuta kwenye maji. Zikishatosha kuushika uchafu uliopo, zinazozidi hazina la kushika. Hubaki sakafuni kama utando. Utando huo hunata, hukusanya vumbi, na vigae hupoteza mng'ao. Kesho yake mwenye nyumba huona sakafu imefifia, akadhani sabuni haikutosha, akazidisha. Hivyo ndivyo chupa ya mwezi inavyokwisha kwa wiki moja. Tena utando huo ukilowa huteleza, na katika nyumba zetu nyingi yumo bibi au babu aamkaye usiku kwenda kutawadha. Kuvunjika nyonga katika umri huo si jambo dogo.

Yapo pia maji yetu. Visima vingi vya Pwani vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, na maji yake huwa na chokaa na chumvi. Chokaa huzuia sabuni ya kipande isitoe povu, nasi tumezoea kuongeza na kuongeza. Sabuni za maji za kisasa nyingi hazizuiliki kwa kiasi hicho, hata kama povu lake laonekana dogo. Tufuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikiwa imeandikwa kifuniko kimoja kwa lita kadhaa, basi ni kifuniko kimoja, si kifuniko na "kidogo cha baraka".

Klorini nayo ina hesabu yake. Chupa nyingi zinazouzwa nchini huwa na nguvu ya asilimia 3.5, ingawa yafaa kuhakikisha kwenye lebo. Kwa chupa ya namna hiyo, vijiko 2 vya mezani, yaani kama mililita 30, katika lita 1 ya maji hutoa asilimia 0.1 hivi, nayo yatosha kwa sakafu, vitasa vya milango na meza. Palipo na damu au matapishi ya mgonjwa, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji hutoa asilimia 0.5. Iachwe hapo dakika 10 kabla ya kupanguswa, kwani klorini haiui vijidudu kwa kupitishwa haraka. Na mahali paoshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwanza. Klorini ikikuta uchafu humalizikia kwenye uchafu huo, vijidudu vikabaki salama. Iliyozimuliwa itumike siku hiyo hiyo, kwa maana nguvu zake hupotea, na joto na jua letu huziharakisha kupotea. Maji yawe ya baridi.

Hapa yatupasa kuligusa jambo linalotuhusu sisi tunaosali juu ya sakafu hizo. Harufu ya dawa haiondoi najisi. Sisi wa Pwani aghalabu twafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na tuliyofundishwa chuoni ni kwamba najisi, kama mkojo wa mtoto aliyekwisha kuanza chakula, huondolewa dhati yake kwanza, kisha pakamiminwa maji safi yasiyobadilishwa na kitu. Maji yaliyogeuka rangi na harufu kwa sabuni hayana tena sifa ya kutoharisha. Yasaidia kusafisha, lakini lazima yafuatwe na maji matupu.

Na ile ndoo moja? Kitambaa hufuta mkojo, kikarudishwa ndooni, kikakamuliwa, kikaendelea na chumba chote. Ndoo ya lita 20 iko mbali mno na kiwango cha kulatein, basi maji yake yamekwisha kunajisika kwa mguso wa kwanza, na tulichokifanya ni kuigawa najisi nyumba nzima kwa harufu ya maua. Daktari naye angesema lilo hilo kwa lugha yake: vijidudu vilivyokuwa mahali pamoja sasa viko kila mahali. Tukaushe kwanza mahali penyewe kwa kitambaa cha pekee, kitambaa hicho kiwekwe kando, maji yamiminwe, kisha ndipo deki. Wenye maswali ya ndani zaidi na wawaulize masheikh wao.

Tuseme neno pia kwa wenzetu wa Lamu na wa Mji wa Kale, ambao kuta zao ni za mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa. Asidi huila chokaa. Dawa ya choo, siki, hata ndimu, ikimwagika kwenye lipu hiyo au kwenye marumaru huchemka kwa povu, na linaloonekana kama uchafu unaotoka ni ukuta wenyewe. Na kwa kuwa tumewataja wa Lamu, tusiwasahau paka. Dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, nyingi zina kemikali za jamii ya fenoli, na ini la paka haliwezi kuzivunja. Paka hukanyaga sakafu mbichi, akalamba nyayo zake. Azuiliwe hadi sakafu isuuzwe na kukauka.

Lililobaki ndilo linalotutia hofu kuliko yote, nalo ni chupa. Dawa hizi huuzwa kwa kupimwa mitaani, kwa bei inayowafaa wengi, nasi hatumlaumu anayezinunua hivyo. Lakini hutiwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, na hata angejua, hakuna lebo ya kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile ndiyo iliyokuwa na soda siku ya Idi. Nenda dukani na chupa tupu ya dawa ya aina ile ile, au chupa isiyofanana kabisa na ya kinywaji. Iandike jina kwa wino usiofutika, uchore na msalaba mwekundu. Usiiweke chini ya sinki. Iweke juu, ndani ya kabati linalofungwa.

Na mtoto akinywa, Mwenyezi Mungu atuepushie, asitapishwe. Kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda, na povu laweza kuingia mapafuni. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali mara moja, na chupa ibebwe pamoja naye ili daktari ajue alichokunywa. Dawa ikiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha hospitali. Aliyevuta hewa yake atolewe nje kwenye upepo kabla ya jambo lolote, na anayemwokoa asikae mle ndani kutafuta chupa.

Mwenye pumu asipewe kazi ya klorini. Glavu za mpira ni haki ya anayefanya kazi, awe binti yetu wa kuzaa au binti wa watu tuliyepewa amana yake. Twaona aibu kukiri kuwa katika nyumba ile tuliyoisimulia, glavu zilikuwapo, mpya, kwenye droo ya mwenye nyumba.

Siku hizi dawa ya choo hukaa chooni, klorini hukaa jikoni kabati la juu, na kijiko cha kupimia kimefungwa kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Binti yule ndiye aliyekifunga. Wiki iliyopita mmoja wetu alipoingia bafuni kusugua, alimsikia akiita kutoka ukumbini: "Mama, mlango."