Kivunja Mji Kilichomo Mfukoni



Baadhi ya wazazi wa watoto ninaowasomesha hapa Kibaha wameniomba niandike maneno machache juu ya ununuzi wa siku hizi, ule ufanywao kwa simu. Nami nimeona si haki kuwaonya watu kabla sijajisema mwenyewe. Mtu aliyetoka shimoni jana, akitaka leo kuwakanya wenziwe wasitumbukie, yafaa kwanza awaonyeshe matope ya nguoni mwake. Basi haya ndiyo matope yangu.

Mama yangu mzazi anakaa kijijini katika wilaya ya Kisarawe, upande wa Maneromango, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Ana mikorosho michache. Msimu mmoja wa karibuni, alipokwisha kulipwa fedha za korosho zake na kuziweka akiba, alinipelekea kwa simu shilingi 270,000, akaniambia: "Ninunulie mabati kumi huko Kibaha. Paa la chumbani limeoza, na masika yaja." Nikamjibu, "Inshaallah mama, wiki hii hii." Fedha zikaingia katika simu yangu, zikachanganyika na zangu kidogo zilizokuwamo, zikawa hesabu moja.

Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Usiku mmoja baada ya tarawehe nilikaa barazani, nikafungua simu nitazame khabari. Likatokea tangazo la mavazi ya Idi ya watoto: kanzu, kofia na viatu. Bei ya shilingi 40,000 imekatwa kwa mstari mwekundu, chini yake imeandikwa 29,900, na chini yake tena: leo tu, zimebaki seti tatu. Nami nina watoto watatu wa kiume! Niliona kana kwamba mwenye duka yule ananijua hata nyumbani kwangu. Nikabonyeza, nikalipa shilingi 89,700, na asubuhi yake kijana wa bodaboda akazileta mzigo mzima mlangoni.

Napenda ifahamike kwamba mwenye duka hakunidhulumu. Kanzu zilikuwa nzuri, viatu vilikuwa imara, na bei niliikubali kwa radhi yangu. Tumezoea kusimuliana khabari za matapeli, nao wapo; lakini khabari yangu haina tapeli ndani yake. Aliyefanya kosa ni mimi peke yangu, na kwa ajili hiyo naiona khabari hii kuwa na faida zaidi.

Mabati yalikuwa shilingi 27,000 moja. Kwa fedha zilizobaki nilinunua sita, nikayapeleka kwa lori, na moyoni nikasema yale manne nitayatimiza mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja ukapita, kwani pato la mwalimu wa madrasa mnalijua. Idi ikapita, na mvua zikaanza kwa nguvu. Siku moja nikaondoka Maili Moja, nikapita Mbezi, kisha Gongo la Mboto na Pugu, hata nikafika Kisarawe mjini, na kutoka hapo kwenda kwa mama. Nikamkuta amehamishia kitanda sebuleni. Mafundi walikuwa wameezeka upande mmoja wa chumba, na upande wa pili wamefunika turubai. Akaniuliza, "Mabati manne yako wapi?" Nikamweleza kweli yote.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Watoto walipendeza. Lakini mwanangu, zile hazikuwa fedha zako." Hakuongeza neno. Usiku ule nilisikia matone yakianguka katika sufuria hata alfajiri. Mimi niliyewafundisha watoto miaka mingi kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, nilikuwa nimeivaa amana ya mama yangu katika viwiliwili vya wanangu.

Yupo kijana mmoja niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa ni mtu mzima na kazi yake ni matangazo ya biashara mjini Dar es Salaam. Huja Kibaha kuwatazama wazazi wake, na akija hunipitia. Nikamsimulia jambo lililonipata. Akatikisa kichwa, akasema, "Maalim, hayo yote tunayapanga." Kisha akanifunulia moja moja.

Ile bei ya 29,900, alisema, jicho hushika ishirini kabla ya kusoma kilichobaki, na mtu huiona iko mbali na thelathini, ijapokuwa tofauti yake ni shilingi mia tu. Ile bei iliyokatwa mstari ni kigingi kilichochomekwa ili mnunuzi apimie hapo, asipimie mfuko wake. Maneno "leo tu" na "zimebaki tatu" kazi yake ni kumnyima mtu nafasi ya kufikiri na kushauriana. Na saa ile ya usiku haikuwa bahati, kwani watu hupelekewa matangazo wakati wamekwisha kazi, wamekula, na nafsi zimelegea. "Na watoto wangu watatu, walijuaje?" nikamwuliza. Akasema, "Watoto hawakuwajua, Maalim, hesabu ya tatu huandikiwa watu wote. Lakini walijua kwamba unatafuta kanzu za watoto. Kila picha uliyoikawia kidole kimesimama, simu imeiandika." Nikakumbuka kwamba wiki moja kabla ya hapo nilitazama picha za kanzu, kwa kutazama tu.

Nikadhani mtu anayejua hila hizi zote yeye hanaswi. Akatoa daftari mfukoni, akanionyesha. Kila jioni huandika vitu alivyonunua, na mbele ya kila kitu huandika mambo mawili: ni nani aliyekitia moyoni mwangu, na je, kama ningerudi nyuma ningekinunua tena? Vitu vingi katika daftari lile havikupata jibu zuri. "Mimi nauza mchana," akasema, "na usiku wenzangu wananiuzia mimi."

Kisha akanisimulia khabari ya kale ya nchi yetu hii, ambayo nataka vijana waisikie. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton na mwenziwe John Speke walipita Uzaramo wakitoka pwani kwenda bara, wakiufuata mto Kingani, ndio Ruvu huu tuuvukao tukipita Mlandizi kwenda Chalinze. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 Burton alieleza biashara ya shanga zilizochukuliwa na misafara. Alihesabu aina zipatazo 400, na kila nchi ilikuwa na shanga yake iliyopendwa. Mfanyabiashara aliyefika na shanga isiyopendwa mahali pale aliweza kukosa hata chakula. Na katika shanga zote, nyekundu iitwayo samesame ndiyo iliyotamaniwa mno. Watu waliipa majina mawili ya utani. La kwanza ni kimala pamba, yaani kimaliza chakula, kwa kuwa mtu huacha chakula chake aipate. Na la pili ni kivunja mji, kwa kuwa watu waliharibu nyumba zao kwa ajili yake.

Niliposikia jina lile la kivunja mji nilishtuka. Mara nyingi sisi wazee tunawalaumu vijana kana kwamba tamaa ya vitu imeanza na simu. Kumbe babu zetu katika ardhi hii hii ya Kibaha na Kisarawe waliijua, na wakaipa jina. Lakini kumbukeni mambo mawili. Kwanza, wao walikuwa wanunuzi wagumu. Nguo ya merikani, iliyopata jina lake kwa kuwa ilitoka Marekani, hasa kupitia bandari ya Salem, waliijua kwa kuipapasa, nao muuzaji ndiye aliyelazimika kufuata wanayoyataka. Pili, msafara ulikuja ukapita. Shanga zikishafungwa mizigoni na wapagazi wakaondoka, mji ulipumzika. Msafara wa leo hauondoki. Umepiga kambi mfukoni mwetu, hulala nasi kitandani, na kila siku hujifunza njia mpya ya kutuamsha.

Tena liko jambo jingine linalotuhusu sisi tuliozaliwa zamani kidogo. Mimi nilikuwa mtoto katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa uhaba. Tulipanga foleni ya sukari na ya sabuni, na sabuni ilipokosekana tulifua kwa majani ya mpapai. Tulifundishwa na dhiki ile kwamba ukikiona kitu dukani, kinunue sasa hivi, kwani kesho hakipo. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na maduka yakaanza kujaa. Mwaka 2008 ikaja M-Pesa, na fedha zikaingia katika simu. Leo kitu kipo kesho, na keshokutwa, na mwezi ujao. Lakini ile khofu ya foleni haijatutoka. Mtu akituandikia "zimebaki tatu", mtoto yule wa foleni ya sabuni huamka ndani yetu akakimbia. Vijana nao wamerithi mbio zetu bila ya kuiona foleni yenyewe.

Na kama nisingekuwa na fedha za mama usiku ule, pengine ningekopa. Mikopo ya simu hupatikana kwa dakika chache, na wengi wameingia humo kwa ajili ya nguo za Idi au chombo cha jikoni, wakatoka wakiwa na deni, riba na fedheha. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu kwa mtandao bila ya idhini. Mwenye haja ya kukopa na asikope kabla ya kuuliza kama mkopeshaji ana leseni. Na juu ya leseni, Mwislamu anajua hukumu ya riba.

Basi tufanye nini? Sisemi tuzitupe simu. Biashara ni halali, na wako kina mama wengi hapa Kibaha wanaosomesha watoto kwa kuuza maandazi, nguo na ubani kwa njia hiyo hiyo ya simu. Nasema mambo matatu tu, nami nimeyajaribu nyumbani kwangu.

La kwanza, amana ikae peke yake. Bibi zetu walipopewa fedha za mtu walizifunga fundo katika pembe ya kanga, mbali na zao. Simu haina pembe. Huchanganya zote zikawa hesabu moja, na jicho likaziona zote kuwa zako. Ukipokea fedha za mtu, zitenge siku ile ile, au zipeleke zinakotakiwa siku ile ile, tena ziandike.

La pili, jipe khiyari. Katika fikihi tunasoma kwamba wenye kuuziana wana khiyari ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana, na katika madhehebu ya Imamu Shafii wanaweza kusharutishiana khiyari hata siku tatu. Wanachuoni walijua kwamba moyo wa mnunuzi wahitaji muda. Sasa kwa kuwa katika simu mtu hununua na kuachana na muuzaji kwa kubonyeza mara moja, khiyari hiyo tuitangulize mbele: kila kitu kisichokuwa chakula wala dawa, tungoje siku tatu ndipo tulipe. Nimeona vingi nilivyovitamani Jumatatu, hata Alkhamisi nimekwisha kuvisahau. Kama kimeuzwa, na kiuzwe.

La tatu, tushauriane. Usiku ule mke wangu alikuwa ndani, hatua kumi kutoka barazani. Baadaye aliniambia neno moja: "Ungeniuliza, ningekuonyesha kanzu za mwaka jana, mbili bado ziliwaenea." Tangu hapo katika nyumba yetu hanunui mtu kitu cha zaidi ya shilingi 20,000 bila ya kumwambia mwenziwe, na mimi ndiye wa kwanza kufungwa na sharti hilo. Watoto wakubwa nao tunawaita katika shauri, wajifunze kuuliza swali la yule kijana: ni nani aliyekitia moyoni mwangu?

Mabati manne niliyanunua mawili mwezi wa Juni na mawili mwezi wa Agosti, baada ya kuuza mbuzi mmoja na kusomesha darasa la jioni. Niliyapeleka mwenyewe, nikapanda juu na fundi nikamshikia misumari. Mama alisimama uani akitutazama. Tulipoteremka alikuwa amekwisha pika mihogo kwa nazi, na kitanda chake amekirudisha chumbani.

Zile kanzu sasa zimewafupia watoto, nasi tumewapa majirani. Mwenyezi Mungu atujaalie kuzihifadhi amana zetu na za wenzetu. Wabillahi tawfiiq.