Bibi Aliuliza Basi la Gitarama

Julai 2023 tulishuka kituo cha mabasi cha Nyabugogo, Kigali, vizazi vinne: bibi, mama, mimi, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Mizigo ilikuwa bado tumboni mwa basi wakati kijana mmoja wa kituo alipomwahi bibi. “Mukecuru, mugiye he?” Mama mzee, mnakwenda wapi? Bibi akajibu papo hapo: “I Gitarama.” Kijana akatupeleka dirishani, na tiketi zikatoka zimeandikwa Muhanga. Bibi alimwomba kitukuu wake amsomee. Akasomewa, akaomba asomewe tena. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli tumeelekezwa sawa.

Naandika kwa ajili ya swali hilo. Wengi wetu tulio Kanada, Ubelgiji na kwingineko tunakusanya nauli ili wazee waione Rwanda wakiwa bado na miguu ya kupanda vilima. Mabasi ya Gatuna, Musanze na Muhanga huondokea hapo Nyabugogo, na mabasi ya Kampala na Dar es Salaam huishia hapo. Mzee anashuka na jina alilolitunza miaka sitini, na kwenye tiketi halipo.

Jina liliondoka mwanzoni mwa 2006. Serikali ilipanga upya utawala wote: mikoa kumi na miwili, ukihesabu Jiji la Kigali, ikawa mitano, na wilaya zikashuka kutoka 106 hadi 30. Gitarama ikawa Muhanga. Butare ikawa Huye, Ruhengeri Musanze, Gisenyi Rubavu, Cyangugu Rusizi, Gikongoro Nyamagabe. Nia ilikuwa kugatua madaraka na pia kuachana na mipaka iliyobeba kumbukumbu chungu. Watu wazima bado husema Butare na Gitarama wakizungumza, lakini ramani ya simu itakupa jina jipya. Kwa hiyo kabla hujakata tiketi ya ndege, keti na mzee wako umuulize jina la kilima, la kijito, na la parokia alikobatizwa. Wilaya hubadilishwa kwa sheria. Kilima watu wanaendelea kukiita walivyokikuta.

Kwa bibi, kilima hicho kiko Ndiza, upande wa Gitarama. Tarehe 1 Novemba 1959 Dominique Mbonyumutwa, chifu mdogo wa Kihutu wa huko Ndiza, alishambuliwa na vijana wa Kitutsi karibu na Byimana. Uvumi ukaenea kwamba ameuawa, ingawa alikuwa hai, na nyumba za Watutsi zikaanza kuchomwa. Wazee huuita wakati ule muyaga, yaani upepo. Tarehe 28 Januari 1961 jamhuri ikatangazwa mjini Gitarama penyewe. Mwaka huohuo bibi, msichana wa miaka ishirini na mmoja, alivuka Rusumo na mama yangu mgongoni, akaingia Ngara, Tanzania.

Mama amekulia huko. Mwaka 1980 Tanzania iliwafungulia njia ya uraia wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 36,000, naye akawa mmojawapo. Kinyarwanda chake kimechanganyika na Kihangaza cha Ngara, na wauza maji wa Nyabugogo walipomsikia walihamia Kiswahili mara moja. Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, lakini pale kituoni walikuwa wanakisema siku zote. Nilifurahi kumwona mama akicheka nao. Tangu mpakani alikuwa amekaa kama mtu aliyealikwa harusini na asiyejulikana na upande wowote.

Jambo zito zaidi ni ardhi. Mkataba wa Arusha wa 1993, katika itifaki yake ya kurejesha wakimbizi, ulipendekeza kwamba waliokaa nje zaidi ya miaka kumi wasidai mali zao zilizokwisha kukaliwa na wengine. Ili kulinda amani, wapewe mahali pengine. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilikasirika kwa niaba ya bibi. Yeye alilijua siku nyingi. Aliniambia hapohapo kwenye benchi la kituo: tunakwenda kuona, hatuendi kudai, na mtu asiingie kwenye ua wa watu kabla hajabisha hodi. Naomba kila familia inayopanga safari kama yetu ikubaliane hivyo mapema, kwa sababu mwenye nyumba akiona wageni wanapima mipaka kwa macho, hofu yake ina msingi.

Tukisubiri basi, tulitembea hadi mtoni. Mto Nyabugogo hutoka ziwa Muhazi na kumwaga maji yake Nyabarongo, ng’ambo ya mlima Kigali. Nyabarongo hupokea Akanyaru, na mbele, penye ziwa Rweru, huanza kuitwa Akagera. Huo ndio Kagera wetu wa Ngara, unaoanguka Rusumo na kufika Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto huo ulibeba maiti hadi Uganda; waliookotwa ziwani wamezikwa Kasensero na pwani nyingine. Mama alikuwa Ngara mwaka ule. Aliyatazama maji kwa muda, asiseme kitu, tukarudi kituoni.

Tulipofika kilimani, mahali palipokuwa na nyumba yake, bibi aliutambua umuvumu mmoja mkubwa, mti ambao zamani ulipandwa kuzungushia boma. Alibisha hodi. Mama wa nyumba iliyopo sasa, wa umri wangu, alitupa viti, akasikiliza, akasema mti huo aliukuta. Bibi hakuuliza habari za mipaka. Aliuliza kama kijito cha bondeni bado kina maji. Mtoto wa mwenyeji alichukua dumu, akashika njia na binti yangu, nasi tukamfuata bibi polepole kwa fimbo yake. Alinawa mikono, akanawa uso, kisha akamwonyesha kitukuu wake yanakoelekea maji. “Haya,” alimwambia, “yanakwenda Ngara.”